Watu 400 kwenye kamukunji, tisa kwenye kazi: nianzie wapi?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu cha umma hapa Pwani ya Kenya. Kuna dada aliyemaliza hapa chuoni kwetu, sasa ana miaka 26, anataka kuwania uwakilishi wadi mwaka 2027 kama mgombea huru, na ameniomba niongoze kampeni yake upande wa wanafunzi. Tulifungua kundi la WhatsApp likafika watu 1,100 kwa wiki mbili. Tulipoitisha kamukunji, yaani mkutano wa hadhara wa wanafunzi, walikuja kama 400, wakashangilia mpaka usiku. Lakini tulipoita watu wa kujitolea tulijikuta tisa tu, pamoja na mimi. Mwaniaji mwingine wa chama kikubwa anagawa fulana na shilingi 200 kwa kila anayekwenda kwake, na wenzangu wanasema bila pesa tunajisumbua. Ofisi ya mkuu wa wanafunzi nayo imetuambia siasa hairuhusiwi ndani ya chuo. Je, napoteza wakati? Naweza kufukuzwa? Na kama sipotezi wakati, nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali matatu, lakini nikikusoma vizuri naona kuna la nne ambalo hukuliandika nalo ndilo linalokunyima usingizi: wale mia nne walikwenda wapi? Ulisimama mbele yao wakakushangilia, kulipokucha ukabaki na wanane. Mtu akifikwa na hayo huanza kushuku ama yeye hafai kuongoza, ama wenzake ni wanafiki. Wewe hufai kujilaumu, wala wao si wanafiki. Nafundisha vijana kazi ya kampeni za mashinani tangu uchaguzi wa 2013, na hesabu kama yako nimekutana nayo karibu kila chuo nilichokwenda.

Kamukunji haimgharimu mwanafunzi chochote. Chumbani kuna joto, wenzake wanatoka, kuna kelele nzuri nje, naye anatoka. Akishangilia, anashangilia jioni ile, na pengine anakushangilia wewe kwa ulivyosema vizuri. Hajaamua bado kuhusu dada yenu, hajui yuko wadi gani, na huenda hana hata kura. Kundi la WhatsApp ni hivyo hivyo: alibofya kiungo akaingia, kama alivyoingia kwenye makundi mengine ya darasa, ya ploti (nyumba za kupanga nje ya lango) na ya kuuza simu. Kisha ukaandika humo, "Makomredi, tunahitaji watu wa kujitolea Jumamosi." Ujumbe huo ulisomwa na mamia, na kila mmoja akajua moyoni kwamba katika watu 1,100 hawatakosekana wa kwenda. Hukumwomba mtu yeyote. Uliomba hewa.

Wale wanane waliokuja, nina hakika ukiwauliza utakuta wengi wao uliwapigia simu mwenyewe, au ni wa chumba chako, au wa darasa lako. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi hii, nayo imepimwa kitaalamu. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Alan Gerber na Donald Green, waliwagawa kwa bahati nasibu wapiga kura wapatao 30,000 wa mji wa New Haven, Marekani. Wengine walibishiwa hodi na kuzungumzishwa ana kwa ana, wengine walitumiwa barua, wengine walipigiwa simu na kampuni ya kupiga simu. Waliozungumzishwa mlangoni walijitokeza kupiga kura kwa wingi zaidi kwa kiwango kilichoonekana wazi. Barua zilisaidia kidogo. Simu zile hazikusaidia kitu. New Haven si Kilifi wala Mombasa, na sidai idadi zao zitafanana na zenu, lakini jambo lenyewe nimeliona kwa macho yangu hapa kwetu mara nyingi: mtu huitika anapoulizwa na mtu, kwa jina lake, uso kwa uso, naye akapata nafasi ya kujibu.

Kwa hiyo una watu tisa, na hao ni mtaji mzuri. Ila kabla hujawatuma popote, kuna jambo ambalo barua yako haikuligusa kabisa, na mimi nalihofia kuliko fulana za mpinzani wenu. Wanafunzi hao watapigia kura wapi?

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Kalenda ya chuo chenu unaijua kuliko mimi. Kama Agosti huwa mko likizo, basi siku ya kura mwenzako wa chumba kinachofuata atakuwa kwao Bungoma au Mwingi, na kama amejiandikisha chuoni itabidi asafiri kurudi kwa nauli yake ili ampigie kura mwakilishi wadi. Wachache watafanya hivyo. Na kama amejiandikisha kwao, hata mkikaa naye chumba kimoja miaka minne, kura ya udiwani hapo kwenu hana. Atampigia mtu wa wadi yake. Nimeona kampeni ya chuo ikihesabu "kura elfu mbili za makomredi" miezi sita mfululizo, na masanduku yalipofunguliwa hazikufika mia mbili. Hakuna aliyewaibia. Wapiga kura walikuwa mikoani kwao, wengine hawakuwa kwenye sajili ya mahali popote.

Kwa hiyo swali la kwanza mlangoni lihusu sajili, dada yenu aje baadaye. Kila mwanafunzi mtakayezungumza naye yuko katika moja ya mafungu haya: hajajiandikisha kabisa, amejiandikisha kwao, amejiandikisha katika wadi hii na atakuwepo Agosti, amejiandikisha hapa lakini hatakuwepo. Fungu la tatu peke yake ndilo kura zenu. Fungu la kwanza mnaweza kulisaidia, akiwa ana miaka 18 na kitambulisho cha taifa au pasipoti: aende ofisi ya eneobunge ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, au popote tume itakapoweka vituo. Anayetaka kuhamisha kura yake kuja eneobunge hili anatakiwa na sheria kuijulisha tume si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi, kwa hiyo baada ya katikati ya Mei 2027 mlango umefungwa. Usingoje Mei. Foleni za siku za mwisho unazijua.

Nikuonye hapohapo: usimshawishi mtu ahamishe kura kama hakai hapo kweli na hatakuwepo. Kuna vijana wanaoishi nje ya lango mwaka mzima, wanafanya kazi ndogondogo za mjini, hata likizo hawaendi kwao. Hao wadi hii ni yao kwa haki kabisa, mitaro ikifurika ni vyumba vyao vinavyoingia maji. Lakini mwenzako anayerudi kwao kila likizo, mwache apige kura kwao, anakohitajika. Kura iliyohamishwa kwa kukufurahisha wewe ni kura isiyopigwa popote.

Sasa tazama hesabu ya wadi, maana hapa ndipo nataka upate moyo. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura 22,120,458 waliosajiliwa, na wadi ni 1,450. Gawanya, wastani ni kama watu 15,000 kwa wadi. Waliojitokeza nchini walikuwa kama asilimia 65, basi kwa wastani huo watu wasiofika 10,000 waliamua wadi moja, wakiwa wamegawanyika kwa wawaniaji wengi. Wadi yenu inaweza kuwa kubwa au ndogo kuliko hivyo, takwimu zake zipo IEBC, zitafute. Lakini unaona? Kituo kimoja cha kupigia kura hakizidi wapiga kura 700. Mkiwa na wanafunzi 400 walio kwenye fungu lile la tatu, kwa majina na si kwa kukisia, mna uzito ambao mwaniaji yeyote wa wadi angeutamani. Na wenye umri wa miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 39.84 tu ya sajili ya 2022, ilhali kila mtu anajua nchi hii imejaa vijana. Walioachwa nje ya sajili ni wenzenu.

Hapa wengine hunikatiza na kusema kwenye maandamano ya Juni 2024 vijana hawakuwa na sajili wala viongozi, na bado Mswada wa Fedha uliondolewa siku moja baada ya maandamano ya tarehe 25. Ni kweli, na walioanguka siku ile nawakumbuka kwa uchungu. Lakini barabarani hakuna anayekuuliza umejiandikisha wapi. Kituoni ndilo swali la kwanza, na usipolijibu unarudi nyumbani.

Tuje kwenye pesa. Wenzako wanasema bila pesa mnajisumbua. Kwanza, kumpa mpiga kura hongo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na kuipokea ni kosa vilevile. Waambie hivyo wenzako wanaopanga foleni kwa ile mia mbili. Pili, na hili nakwambia kwa kuwa nimeketi na wagawaji wenyewe: anayegawa hajui amenunua nini. Kura ni siri. Kijana anachukua mia mbili, anakula chapati na maharagwe, na jioni anachukua nyingine kwa mwingine. Pesa inanunua umati wa kupigwa picha. Msijaribu kushindana naye huko, mtashindwa, na mkikopa ili mshindane naye mtashindwa mkiwa na deni.

Lakini sitakudanganya kwamba kampeni haina gharama. Mnahitaji nauli, karatasi, kalamu, chai ya wanaozunguka, baadaye na posho ya mawakala watakaokaa vituoni tangu alfajiri mpaka usiku wa kuhesabu. Wekeni mchango mdogo wa kila wiki, mwekahazina asiwe wewe, na kila shilingi iandikwe mahali ambapo wote tisa wanaona. Nimeona vikundi vizuri vikivunjika kwa shilingi 3,000 zisizojulikana zilikokwenda, vikaacha uhasama uliodumu hadi siku ya mahafali.

John Paul Mwirigi alichaguliwa mbunge wa Igembe Kusini mwaka 2017 akiwa na miaka 23, mwanafunzi, mgombea huru asiye na gari, akizunguka kwa miguu nyumba kwa nyumba. Unamjua, kila kijana anayetaka kuwania humtaja. Nakuomba ukimtaja uwataje pia wengi waliotembea vilevile wakashindwa. Kutembea kunakupa nafasi ya kusikilizwa, basi. Linalobaki ni kama una la kusema linalowahusu watu wa pale.

Na hapo kuna mtego wa kampeni za chuo. Wanafunzi watakuuliza: atatupunguzia karo? Atatuharakishia mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu? Jibu la kweli ni hapana. Karo, mkopo na ule mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 ni mambo ya serikali ya kitaifa na bunge lake. Mwakilishi wadi anakaa bunge la kaunti. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti yake na kuisimamia. Angalia Jedwali la Nne la Katiba: zahanati, masoko, taka, mitaro, barabara za kaunti na taa zake, maji, shule za chekechea. Ukimuahidi mwanafunzi HELB utamdanganya, naye ni mtu wa kusoma, atajua. Muulize badala yake njia ya kutoka maktaba hadi ploti saa tatu usiku ikoje. Muulize maji ya bomba hutoka siku ngapi kwa wiki. Muulize zahanati ya karibu ina dawa. Hayo mwakilishi wadi anaweza kuyafanyia jambo, na uzuri wake ni kwamba mama anayekaanga mahamri langoni na kijana wa bodaboda watakujibu vilevile.

Maana kuna jambo jingine hukuliandika: wadi si chuo. Wenyeji wa kando ya chuo mara nyingi huwaona wanafunzi kama wapita njia, wanaokuja, wanapandisha kodi za nyumba, wanapiga kelele na kuondoka. Dada yenu akionekana ni "mgombea wa chuo", kila kura mtakayompatia hosteli itamgharimu nyingine mtaani. Akiwa na akili atawatumia nyinyi kama upande mmoja wa kazi yake, huku akikaa na wazee, misikiti, makanisa, vyama vya akina mama na waendesha bodaboda. Mwambie hivyo waziwazi. Kama anadhani makomredi peke yao watampeleka bunge la kaunti, heri ajue sasa.

Sasa kazi yenyewe, na hapa nitakwenda polepole.

Chora ramani ya hosteli na ploti, bloku kwa bloku. Wale tisa mjigawe wawili wawili, na mmoja abaki na daftari. Msiende mmoja mmoja, hasa wasichana, na msiingie chumbani mwa mtu. Zungumzeni mlangoni au kwenye korido, na saa tatu usiku mwisho. Sheria za hosteli kuhusu nani anaruhusiwa bloku gani zifuateni kama zilivyo. Jozi moja ikitulia, kwa saa mbili inaweza kuwa na mazungumzo kumi hadi kumi na tano ya maana. Inaonekana kidogo. Zidisha kwa jozi nne, jioni mbili kwa wiki, wiki kumi za muhula, utapata mamia, na kila mmoja wao ameangaliwa machoni.

Mazungumzo yenyewe yaanze na swali, na usikimbilie kumtaja mwaniaji wako. "Habari, mimi niko bloku B, mwaka wa pili. Naulizia jambo moja tu: hapa nje ya lango ni kitu gani kinakusumbua zaidi?" Kisha nyamaza. Vijana wengi ninaowafundisha hushindwa hapo. Ukimya wa sekunde tano unawatisha, wanaujaza kwa hotuba. Mwache mwenzako afikirie. Akisema ni giza la njiani, muulize liliwahi kumfika nini. Atakusimulia. Ukimsikiliza mpaka mwisho ndipo utamwambia kwa nini wewe mwenyewe umeamua kumuunga mkono dada huyu, kwa sentensi mbili tatu, kwa maneno yako na si ya kipeperushi. Halafu unamuuliza lile la sajili. Na mwisho, ombi dogo lenye siku na saa: "Alhamisi saa nane tunakwenda watu sita ofisi ya IEBC kujiandikisha. Utakuja nasi? Nikupitie hapa saa saba na nusu?"

Akikubali, umepata kitu. Akikataa, shukuru uende. Mkitoka mlangoni, andikeni namba moja hadi tano: moja ni hakika yuko nasi, mbili anaelekea kwetu, tatu hajaamua, nne anaelekea kwingine, tano ni wa upande wa pili. Muwe wakali na namba hizo. Mtu aliyesema "tuko pamoja" huku akiangalia simu ni tatu. Kazi yenu ya baadaye ni hao wa mbili na tatu. Wa tano muwaheshimu na kuwaacha, msibishane nao mpaka watu wajae korido.

Na kutoka katika wale wa moja ndiko watakakotoka watu wa kujitolea wa kumi, wa kumi na moja, wa ishirini. Huwapati kwa tangazo. Unamwambia mmoja: "Ulivyoeleza lile la zahanati, nataka uzunguke nami Jumanne, saa moja tu." Akizunguka mara mbili, mpe bloku yake. Kamukunji usiifute, inatia moyo na mimi naipenda, lakini iitishe ukiwa tayari na watu thelathini wenye daftari waliosambaa katikati ya umati, kila mmoja akiwa na jukumu la kuzungumza na watu watano kabla hawajatawanyika.

Kuhusu daftari lenyewe nakusihi uwe makini. Majina na namba za simu za watu ni amana, na pia ni suala la Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Anayetafuta uungwaji mkono wa kisiasa miongoni mwa wapiga kura anatakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data, hata kampeni iwe ndogo kiasi gani. Hilo ni jukumu la mwaniaji, muulize kama amelitimiza. Nyinyi mwambieni kila mtu jina lake mnaliandika kwa ajili gani, na mkiambiwa "nifute", futeni. Namba za vitambulisho msizikusanye kabisa. Watu wana kumbukumbu: mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua wameandikishwa uanachama wa vyama wasivyovijua. Mgombea huru wa wadi atahitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo. Wakati wa kuwatafuta ukifika, kila mmoja aelezwe anachotia sahihi. Dada naye ahakikishe kwa Msajili wa Vyama kwamba jina lake halimo chama chochote, kwa kuwa Katiba inamtaka asiwe mwanachama kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

Utashawishika kutumia vyama vya wanafunzi wa kaunti na makabila. Ni njia rahisi, mwenyekiti mmoja anakuletea watu sitini. Mimi naikataa, na nikieleza sababu utaona si maneno ya jukwaani. Ukiingia kwa mlango wa kabila, kila mlango mwingine unajifunga siku hiyo hiyo, na wale wa kabila dogo chuoni wanaanza kuogopa. Tumia madarasa na bloku. Mle watu wamechanganyika tayari na wanaishi pamoja.

Sasa ofisi ya mkuu wa wanafunzi. "Siasa hairuhusiwi chuoni" ni kauli fupi mno. Ibara ya 38 ya Katiba inakupa haki ya kufanya uamuzi wa kisiasa, kujiunga na chama na kukampenia jambo au chama. Ya 37 inakupa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Hukuziacha langoni ulipopokelewa mwaka wa kwanza. Kwa upande mwingine, chuo cha umma kina sababu nzuri ya kutotoa ukumbi, basi au vipaza sauti vyake kwa mwaniaji mmoja, kwa kuwa sheria inakataza mali ya umma kutumiwa kwa kampeni. Na hofu ya wakuu wa vyuo ina historia ndefu. Titus Adungosi, mwenyekiti wa kwanza wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungwa miaka kumi baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 na akafia gerezani mwaka 1988. Chuo nacho kilifungwa baada ya jaribio hilo. Waliokuwa wanafunzi wakati ule ndio waliowalea wasimamizi wa leo.

Basi usiende kugombana. Andika barua fupi ya heshima, uombe kuonyeshwa kanuni yenyewe kwa maandishi. Na uzitenganishe kazi mbili. Ya kwanza ni uandikishaji wa wapiga kura usio na upande, mnaoweza kuufanya pamoja na hata wafuasi wa yule mwenye fulana. Huo vyuo vingi huukubali, na mnaweza kuiomba IEBC ije na vifaa. Mkipewa ruhusa, msichomeke kipeperushi hata kimoja, maana mtavunja ahadi na kuharibia watakaokuja baada yenu. Ya pili ni kampeni ya dada: mazungumzo ya mtu na mtu, na mikutano ifanyike nje ya lango. Mkutano wa hadhara au maandamano mtaani yanahitaji taarifa kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14 kabla. Ni taarifa, si kuomba kibali, lakini ipelekeni kwa maandishi na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Na kampeni rasmi ina kipindi chake kitakachotangazwa na tume, dada asianze kujiita mgombea kabla hajaidhinishwa.

Kufukuzwa? Kwa kuzungumza na wenzako kwa adabu, sioni. Waliofukuzwa ninaowajua walinaswa kwenye ghasia, uharibifu wa mali, au walikosa mitihani wakiwa kampeni. Hilo la mwisho ndilo lililowapata wengi. Lakini ukipokea barua ya kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu, hapo usinitegemee mimi wala jibu hili, na usiende peke yako. Una haki ya kuelezwa tuhuma kwa maandishi, kusikilizwa na kupewa sababu za uamuzi, kwa Ibara ya 47 na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Utawala ya 2015. Mtafute wakili siku hiyo hiyo. Shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria lina ofisi Mombasa, na mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na HAKI Africa yako huko pia. Hivyo hivyo mwenzenu akitishwa na wahuni waliokodiwa, au akikamatwa: simu ya kwanza iwe ya wakili, na kituo cha polisi aende mtu mzima anayeheshimika pamoja nanyi. Msijibu kwa mawe.

Je, unapoteza wakati? Dada anaweza kushindwa, na nikikuhakikishia kinyume nitakuwa kama wale wa mia mbili. Weka kiwango chako mapema: jioni mbili kwa wiki, hakuna kazi ya kampeni wiki tatu kabla ya mitihani, na siku ukiona masomo yanaporomoka unamkabidhi mwingine daftari. Kama huwezi kukubali masharti hayo, saidia uandikishaji peke yake na uache kuongoza. Ni chaguo la heshima kabisa.

Wiki hii fanya hivi. Waite wale wanane, wakae mduara, na kila mmoja ataje kwa jina watu watano wa ghorofa yake ambao angeweza kuwagongea bila kuona haya. Andikeni majina hayo arobaini na tano pamoja na ya kwako. Jumanne jioni gawaneni, anzeni na ghorofa mnazolala, mkiuliza mambo mawili tu: nje ya lango nini kinakusumbua, na kura yako iko wapi. Ijumaa hesabuni wangapi wako kwenye fungu la tatu, uniandikie idadi hiyo hata kama ni watu wanne.